Mbwa wa kilo 30: nyama mbichi na mifupa, nianze vipi?

Mlinzi_Kisauni aliuliza:
Wadau, nina dume wa miaka 3, kilo 30. Chakula chake ni ugali kwa dagaa, na matumbo mara mbili kwa wiki. Nataka kumhamishia nyama mbichi na mifupa. Mwenye bucha ananiwekea mifupa ya paja la ng'ombe, aipasua kwa shoka. Muuza kuku ana shingo na migongo. Kipi salama, kiasi gani kwa siku, na kwa joto hili la Mombasa nihifadhi vipi? Nyumbani kuna mtoto anayetambaa.

Chonge:
Mifupa ya paja iache, ndugu yangu. Mfupa uliobeba uzito wa ng'ombe ni mgumu kuliko gego. Gego kubwa la juu hupasuka, mbwa akaendelea kula kama kawaida, nawe hujui mpaka uvimbe utokee chini ya jicho. Uliopasuliwa kwa shoka una ncha kali. Uliokatwa duara kwa msumeno nao huvaa taya la chini nyuma ya chonge na hautoki.

Mpe mfupa unaopindika: mgongo wa kuku, kifua chake, mbavu za mbuzi mdogo. Shingo ni ndogo kwa mbwa wa kilo 30. Mwenye pupa huimeza nzima ikamkaba. Kipande kiwe kikubwa kuliko mdomo wake, alazimike kutafuna, na usimwache peke yake.

Mbichi iwe mbichi kweli. Moto huharibu kolajeni, ambayo ndiyo inayoufanya mfupa unyumbuke, na unaobaki huvunjika vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo. Mifupa ya biriani, ya nyama choma, ya kuku wa kukaanga: hata kimoja usimpe. Akila kisha akatapika tena na tena, akajikamua bila kupata choo, au akatoa damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usimtapishe mwenyewe.

Mama_wa_Mbwa_Wanne:
Kiasi: asilimia 2.5 ya uzito, yaani gramu 750 kwa siku, ukizigawa mara mbili. Mfupa mtupu uwe kama asilimia 10, gramu 75. Mgongo wa kuku karibu nusu yake ni mfupa, kwa hiyo gramu 170 za mgongo zatosha. Maini gramu 35 hadi 40, figo au bandama kiasi hicho hicho. Zinazobaki, kama gramu 500, ziwe nyama, moyo au matumbo.

Usimbadilishie ghafla. Siku tatu za mwanzo mpe nyama ya kuku isiyo na mfupa, kidogo kidogo ukipunguza ugali, ndipo ulete mgongo. Maini yaje mwisho kabisa. Kisha tazama kinyesi kila asubuhi: kikiwa cheupe, kikavu, kinamegeka kama chaki, mfupa umezidi. Kikiwa cheusi na laini, punguza maini.

Hesabu hii ni ya mbwa mzima. Mtoto wa mbwa, hasa wa aina kubwa, usimkadirie kwa macho: kalsiamu ikipungua miguu hupinda, ikizidi mifupa hukua vibaya.

Daktari_Bila_Koti:
Hapo kwenye matumbo, figo na maini ndipo penye hatari kwa mtoto wako anayetambaa. Mapafu na maini ya mbuzi, kondoo au ng'ombe huweza kuwa na vifuko vya maji vya tegu Echinococcus. Mbwa akivila haonyeshi ugonjwa, lakini mayai hutoka na kinyesi, na binadamu akiyameza huota vifuko kwenye ini au mapafu. Ukiona kifuko, choma au fukia kwa kina. Vya ndani vyote vya mifugo hiyo vichemshe vizuri; havina mfupa, kwa hiyo kuvipika hakuna madhara. Mbwa apewe dawa ya minyoo, praziquantel, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wake, kila wiki 4 hadi 6. Kinyesi kiokotwe kila siku.

Friza haiui bakteria wa salmonela. Yeyusha nyama ndani ya friji, rafu ya chini, si kwenye sinki. Bakuli liondolewe baada ya dakika 20, osha kwa sabuni, kisha jiki. Alie juu ya sakafu inayooshwa, na mtoto asilambwe usoni. Stima ikipotea na nyama ikapata joto, itupe, usiigandishe tena.

Mlinzi_Kisauni:
Shukran sana. Swali moja: hawa kuku huchovywa maji moto wakinyonyolewa. Migongo yao bado ni mibichi?

Chonge:
Ndiyo, mradi ni kuchovya tu kwa muda mfupi. Joto huishia kwenye ngozi. Hakikisha kwa mkono: upinde ubavu. Ukipinda kabla ya kukatika, na nyama iliyoshika mfupa ikiwa bado nyekundu au ya waridi, ni mbichi. Nyama ikiwa imegeuka nyeupe na inabanduka, kuku huyo amekaa majini mno. Usimpe.