Milinganyo 8, vigeu 8, na bado inagoma: pampu ya ziwani na matangi mawili

Mwaloni_Kirumba:
Wakuu, salaam. Naunda modeli ya pampu ya ufukweni hapa Mwanza inayopandisha maji ya ziwa hadi matangi mawili juu ya mawe, mita 60 hivi kutoka usawa wa maji. Vigeu ni mtiririko q1 wa pampu, q2 na q3 baada ya tii (kiungo cha T kinachogawa bomba), q4 wa bomba linalounganisha matangi kwa chini, presha p1 (pampuni) na p2 (kwenye tii), na kasi ya maji kupanda matangini, v1 na v2. Milinganyo, mingine nataja vigeu vilivyomo tu:
1) pampu: p1, q1
2) bomba kuu: p1, p2, q1
3) tii: q1 = q2 + q3
4) bomba la tangi A: p2, q2, h1 (kimo cha maji tangini)
5) bomba la tangi B: p2, q3, h2
6) A1·v1 = q2 − q4 (A1 na A2 ni maeneo ya uso wa maji matangini)
7) A2·v2 = q3 + q4
8) h1 = h2, maana bomba la chini ni pana

Vimo h1 na h2 navipata kwa kujumlisha kasi hatua kwa hatua. Nane kwa nane, lakini matriksi haina kinyume. Kosa liko wapi?

Jiwe_la_Bismarck:
Mkuu, idadi kulingana hakutoshi. Chora grafu ya pande mbili: milinganyo kushoto, vigeu kulia, mstari kila kigeu kinapotokea ndani ya mlinganyo. Kisha ozesha, kila mlinganyo na kigeu chake kimoja. h1 na h2 hazimo kwenye orodha ya wachumba, zimeshajulikana tangu hatua iliyopita. Basi wa 8 hauna mstari hata mmoja, mseja kabisa. Huku 6 na 7, milinganyo miwili, inabebeshwa vigeu vitatu: v1, v2, q4. Wa 1 hadi wa 5 ni wazima, usiiguse. Namna hii ya kutenga sehemu iliyozidi, iliyopungua na iliyo sawa ni ya Dulmage na Mendelsohn, 1958. Ukitaka uhakika wa haraka, structural_rank ya SciPy (maktaba ya Python) itakupa 7, yaani ndoa saba tu kati ya nane.

Dawa ni ya Pantelides, 1988: mlinganyo uliokosa mwenza utafutie badiliko lake kwa kila sekunde. h1 = h2 inazaa v1 = v2. Sasa wa 8 unachukua v1, wa 7 v2, wa 6 q4. Ukijumlisha 6 na 7, v1 = (q2 + q3)/(A1 + A2).

Kimo cha mwanzo unachagua kimoja tu; ukiweka h1 = 2.0 na h2 = 2.5 itakwama sekunde ya sifuri. Na ile h1 = h2 ya asili usiifute. Ukibaki na v1 = v2 peke yake, makosa madogo ya kila hatua yatavitenganisha vimo polepole. h1 ipate kwa kujumlisha v1, h2 ichukue kwenye wa 8 wa asili.

Sangara_Mbichi:
Mimi nisingefika huko. Hakuna bomba lisilo na msuguano. Andika h1 − h2 = k·q4·|q4|, k ikiwa kipimo cha msuguano, q4 inaingia kwenye wa 8 na ndoa zote zinatimia. Mtego upo pale q4 = 0: mteremko 2k|q4| nao ni sifuri, njia ya Newton ya kukaribia jibu inakosa cha kugawia. Badala yake weka k·q4·√(q4² + e²), e iwe 0.01 L/s hivi. k ikiwa ndogo sana matangi yanasawazishana kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo kati ya mbinu za SciPy za kusonga hatua kwa hatua tumia Radau au BDF, si RK45.

Mwaloni_Kirumba:
Asanteni. Wa 1 hadi wa 5 inatoka kama bonge moja la vigeu vitano. Nikikisia p2 pekee?

Sangara_Mbichi:
Inawezekana: 4 inatoa q2, 5 q3, 3 q1, 1 p1, na 2 inabaki ya kupima kisio. Ila q2 inatoka kwa mzizi wa mraba. Mtiririko ukikaribia sifuri, pampu inapozimwa, mteremko unapaa bila kikomo. Kisia q2 na q3: 3 inatoa q1, 1 p1, 2 p2, unapima kwa 4 na 5. Vigeu viwili, hakuna mzizi.

Jiwe_la_Bismarck:
Na presha iandike kwa mita za maji, mtiririko kwa L/s. Mita 60 ni paskali 589,000 hivi. Ukiziweka kando ya 0.01 m³/s, grafu itapita na namba zitakuangusha vilevile. Grafu haioni ukubwa wa namba, wala haioni kama mlinganyo wa tii umeuandika mara mbili kwa sura tofauti.