Re: Baiskeli ya kwenda kazini Nairobi: ninunue ipi, nipite wapi?

Ndugu yetu uliyetoka Dar, kabla ya baiskeli tazama mlima. Jiji linapanda kuelekea magharibi. Anayekaa Kangemi na kufanya kazi mjini hushuka asubuhi, jioni anapanda akiwa amechoka. Wa Embakasi ni kinyume, atafika ofisini amelowa jasho, kwa hiyo mzigo ufunge kwenye keria, usiubebe mgongoni. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Mtu wa pwani atahema siku za kwanza, si ugonjwa. Kwa Waiyaki Way, barabara ya kupanda Kangemi, tafuta baiskeli yenye gia, sahani kubwa ya nyuma iwe na meno 28 au zaidi.

Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, usiiguse, baiskeli haziruhusiwi. Thika Road ina njia ya baiskeli pembeni, Ngong Road nayo sehemu kadhaa, ila bodaboda huzifanya zao, tena huja uso kwa uso.

Tairi chukua 26 x 1.95, upepo 40 hadi 50 psi. Ukipata pancha, angalia tundu. Matundu mawili yaliyokaa sambamba maana yake upepo ulikuwa mdogo na rimu imebana tyubu kwenye ukingo wa shimo, ongeza upepo. Tundu moja ni mwiba au, mara nyingi barabara kuu, uzi wa chuma uliotoka kwenye tairi la lori lililopasuka. Ule uzi hubaki ndani ya tairi. Usipopapasa kwa kitambaa (kidole kitachanika) ukautoa kwa koleo, kiraka kipya kitatoboka kabla ya kufika kazini. Kiraka chenyewe: piga msasa, paka gundi nyembamba, subiri dakika tano hadi ing'ae kidogo tu na isinate, ndipo ubandike. Wengi hubandika gundi ikiwa mbichi.

—

Kaka yuko sahihi, naongeza cheni. Oili chafu ya injini wanayopaka mafundi wa kando ya barabara hunasa vumbi na kuigeuza msasa. Mafuta ya cherehani yanatosha: tone moja kila pingili, zungusha pedali, kisha futa yote ya nje. Pima pingili 24 kwa rula: mpya ni milimita 305. Ikifika 307 badilisha, la sivyo itakula meno ya sahani na utanunua vyote.

Matatu: ikipunguza mwendo, usiipite kushoto kamwe. Mlango uko huko, na abiria hushuka gari likiwa bado linatembea. Kaa nyuma au pita kulia ukishaangalia nyuma.

—

Mvua bado haijatajwa. Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, dimbwi usilolijua chini yake lizunguke, maana mifuniko ya mitaro huibwa. Rimu ikilowa breki za mpira huchelewa kushika. Zibane kidogo mapema zikaushe kwanza. Upande wa Embakasi udongo ni mweusi wa mfinyanzi, hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma. Acha nafasi ya vidole viwili hapo, au siku hiyo beba kijiti cha kuchokonolea. Jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, hivyo taa ya nyuma iwashe ukitoka tu ofisini. Kufuli ipitishe kwenye fremu na gurudumu la nyuma pamoja, hata kama kuna askari getini.