Fundi kaniambia spidi kontrola ya boti ya marehemu mzee IMEKUFA, kumbe nzima! Kanila 85,000 na waya kakata

Wakuu habari za jioni. Naandika nina hasira kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha, ila huyu mtu kanikera na nataka wenye vifaa vya zamani wajue kabla hawajakabidhi kitu cha wazazi wao kwa mtu asiyepima.

Mzee wangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia, fundi wa injini. Mwaka 1993 alirudi Tanga na boti ya mfano, tagi, zile za kuvutia meli bandarini, kaijenga mwenyewe kidogo kidogo akiwa safarini, urefu kama sentimita 80 hivi. Ndani ina mota moja ya brashi (vile vikaboni vinavyogusa ndani kupeleka umeme) saizi ya 540, servo ya usukani (kimota kidogo kinachougeuza), na spidi kontrola ya kizamani, kile kiboksi kinachopokea amri kutoka kwenye risiva (kile kinachonasa mawimbi ya remoti) kinaamua mota ipewe moto kiasi gani, mbele au nyuma. Jumapili tulikuwa tunaenda nayo Raskazone, anatugawia remoti dakika mbili mbili, na ole wako uigonge kwenye mawe. Alipofariki ikakaa juu ya kabati zaidi ya miaka kumi. Mwaka huu mwanangu katimiza miaka 8 nikasema naiamsha.

Remoti ya zamani antena ilishavunjika nikanunua mpya ya 2.4 gigahezi na risiva yake. Betri ya mzee ilikuwa ya nikeli, seli 6, volti 7.2, imeshavuja dawa, haishiki chaji. Nikaenda dukani nikamwonyesha muuzaji picha ya kila kitu, akanipa lipo, betri ya lithiamu, ya seli 3, eti hii ndo yenye nguvu, boti itapaa. Hakuniuliza kontrola inabeba volti ngapi. Na mimi sikujua, nikalipa.

Sasa angalieni ilivyokuwa inafanya. Ukiwasha inaenda vizuri tu, dakika moja, moja na nusu, afu usukani unaanza kutetemeka wenyewe, afu kila kitu kinazima, boti inaelea tu. Ukiiacha dakika tano inarudi kama haikuwa na tatizo. Na nyuma hairudi kabisa, ukivuta kijiti unasikia "ta!" ndani ya kontrola lakini mota haizunguki. Hizo ndo dalili zote, nikampelekea fundi mmoja wa elektroniki hapa mjini, nikamweleza neno kwa neno.

Yule bwana hakushika mita. Naapa hakushika mita. Kaigeuza mara mbili kaniambia, "Kaka hii imekufa, na hata ingekuwa nzima hizi za zamani haziongei na remoti za sa hivi." Akasema anayo mpya, 85,000 na kufunga. Nikamwambia sawa ila ya mzee usiiharibu nairudisha nyumbani. Nimerudi jioni nakuta kakata waya zote za ile ya zamani kwa plaizi, kazikata fupi kabisa karibu na boksi, na lile bati la kupozea joto kaling'oa halipo, nikimuuliza anasema limepotea kwenye takataka. Mikono ya baba yangu ndo ililehemu zile waya!

Na hiyo mpya sasa. Nafika nyumbani naichomeka, mota inalia "pii pii" inatingishika kama ina homa, haizunguki. Nafungua naona kontrola ina waya tatu za kwenda kwenye mota, mbili kaziunga, ya tatu kaizungushia tepu nyeusi. Wakuu, waya tatu ni za mota isiyo na brashi! Ile inalisha umeme kwa zamu kwenye njia tatu. Mota ya brashi ina miguu miwili na haiwezi kuendeshwa hivyo hata ufanyeje. Mtu anayejiita fundi kaona waya imebaki mkononi hakujiuliza kwa nini imebaki? Nikampigia akanijibu "mota yako nayo imekufa, lete nikuuzie nyingine." Hapo ndo nikajua sina fundi, nina mtu anayeuza vitu.

Nikakaa mwenyewe. Nimechukua wiki mbili, kila usiku watoto wakilala, na mita ya buku ishirini. Nawaambia nilichokuta ili mwone nilivyodanganywa.

Kwanza ile hoja ya haziongei na remoti mpya ni uongo. Risiva ya zamani na ya sasa zote zinatoa alama ile ile kwenye waya wa amri unaoingia kwenye kontrola, mpigo wa milisekunde 1 mpaka 2, katikati 1.5, kama mara 50 kwa sekunde. Kilichobadilika ni masafa ya hewani tu, kontrola haijui wala haijali. Kitu pekee ilichohitaji ni kurekebisha zile skrubu mbili ndogo pembeni, moja ya kusimama na moja ya mwendo wa mwisho, sababu katikati ya remoti mpya ilikuwa imepishana kidogo na ya mzee. Bisibisi ndogo, dakika tatu, basi.

Pili, nikaunga upya waya (nililehemu kwa shida mno maana kaacha vipisi vya nusu sentimita), nikaweka mita kwenye waya ambao kontrola inalishia risiva na servo. Ikianza inasoma volti 5.0 safi. Baada ya kama sekunde 80 ukigusa kile kidude cha ndani ya kontrola kinachopunguza volti kinaunguza kidole, afu mita inashuka, 4.6, 3.8, inazima. Ikipoa inarudi 5.0. Yaani kontrola haijafa, INAJILINDA na joto! Kontrola hizi za zamani zinapunguza volti kwa kuchoma ziada kuwa joto, hamna ujanja mwingine ndani yake. Betri ya mzee volti 7.2, ziada ni 2.2. Lipo ya seli 3 ikijaa ni 12.6, ziada 7.6. Risiva na servo zikivuta nusu ampea tu, badala ya wati 1.1 pale panakaa wati 3.8, kwenye kidude saizi ya kucha. Lazima kizime. Usukani uliokuwa unatetemeka ndo risiva inakosa moto, ilikuwa inapiga kelele ya msaada wakati ule. Kwa hiyo aliyeniuzia betri ndo aliyeanzisha hili tatizo na fundi kalimalizia. Na hakuna aliyeniambia kwamba kontrola ya enzi hizo haijui kukata moto lipo ikishuka chini ya volti 3 kila seli, betri yangu imeshavimba, nimeitoa nje ya nyumba kabisa maana ile kitu inawaka moto.

Nikatafuta betri ya nikeli seli 6 kama ya mwanzo. Dakika ishirini kwenye karai, volti 4.9 haitikisiki.

Tatu, mota ilikuwa inachemka hata hivyo. Nikapima inavuta ngapi boti ikiwa mezani, propela hewani: ampea 7 na ushee! Mota ya aina hii ikizunguka bure inatakiwa ivute kama 1 hadi 2. Nikaichomoa kwenye shafti, ikavuta 1.6. Kumbe grisi ndani ya bomba la shafti imeganda kama gundi, miaka yote ile imekaa. Nimeisafisha kwa mafuta ya taa, nikaweka grisi mpya, sasa shafti unaizungusha kwa vidole viwili. Na vile vikapasita vitatu vidogo vilivyolehemewa kwenye mota kuzuia kelele za brashi zisiingie kwenye risiva, kimoja mguu ulikuwa umeliwa na chumvi, nikabadilisha kwa shilingi mia tano. Mia tano!

Sasa hiyo ya kurudi nyuma. Hapa ndo nimekwama na ndo nahitaji msaada wenu. Ile "ta" niliyowaambia ni rilei, swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Mbele mota inapata moto kupitia transista (swichi za elektroniki), nyuma rilei inageuza waya, chanya inakuwa hasi. Transista nimezipima zote hamna iliyopiga shoti. Rilei inaita, maana yake sehemu ya kutoa amri inafanya kazi, lakini vidole vyake vya kugusana vimeungua na chumvi ya bahari imekula. Nimefungua kifuniko nikapitisha kipande cha kadi chenye spiriti, ikarudi nyuma mara nne hivi, mwanangu karuka kwa furaha, afu ikagoma tena. Mtu anayejua kusikiliza angejua siku ile ile kwamba kitu kinachogonga "ta" hakijafa. Yule kaisikia mbele yangu!

Nimerudi kumdai hela yangu jana, kaniambia kazi ameshafanya na bidhaa ikishafungwa hairudi. Nimemwachia kontrola yake mezani nikaondoka maana nilihisi nitamvunjia kiti. Jumatatu naenda tena na ndugu yangu mkubwa.

Mwenye rilei ya koili ya volti 6, miguu minane, inayobeba ampea 10 au zaidi, iwe ndogo ya kuingia pale, aniambie bei. Hata iliyotolewa kwenye kifaa kingine sawa ilimradi vidole ni visafi. Na kama mtu analo lile bati la alumini la kupozea, la mashimo mawili, namuomba. Wanaotaka kuniambia ninunue mpya nimeshazisikia hizo, nataka ile aliyoifunga baba irudi nyuma kama zamani. Nipo Tanga, hata ukiwa Dar au Mombasa natuma hela unaweka kwenye basi.