Kikokotoo: hata wakirudisha 50% bado tumepigwa

Wakuu, tangu kikokotoo kipya (kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu wa Tanzania) kilipoanza 2022 tunapigia kelele asilimia, yaani sehemu ya pensheni unayolipwa kwa mkupuo, mara moja unapostaafu. Ilikuwa 33%, bajeti ya 2024/25 ikaja na 40%, wengi wakatulia. Wizi wenyewe uko kwenye 580 (kigawanyo kilichochukua nafasi ya 540) na 12.5 (kizidisho cha mkupuo kilichochukua nafasi ya 15.5), na hakuna anayevigusa. Shikeni kalamu.

Kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma na wa serikali za mitaa: miezi ya utumishi gawa kwa 540, zidisha kwa mshahara wa mwaka. Hiyo ndiyo pensheni ya mwaka. Nusu yake inanunuliwa kwa mkupuo, mara 15.5. Nusu iliyobaki gawa kwa 12, unalipwa kila mwezi hadi siku ya kufa.

Mwalimu wa milioni 1 kwa mwezi, miezi 360. Zamani: mkupuo milioni 62, kila mwezi 333,333. Leo kwa 580, 12.5 na 40%: mkupuo milioni 37.24, kila mwezi 372,414. Zimekatwa milioni 24.76, kifuta jasho ni 39,081 kwa mwezi. Gawanya uone: miezi 633. Mstaafu wa miaka 60 atazirudisha akikaribia miaka 113!

Sasa weka hiyo 50% mnayoililia, ila acha 580 na 12.5 palepale. Mkupuo milioni 46.55, kila mwezi 310,345. Kote kote amepungukiwa.

Najua atakuja mtu na hoja ya mfuko kufilisika. Nani aliutoboa? PSPF ililipa wastaafu kwa miaka ya kabla ya 1999 ambayo haikuchangiwa hata senti, deni likiwa la Serikali. Hatifungani maalumu ya Serikali (hati ya deni) ya shilingi trilioni 2.17 ikaja 2021, wakati huo mfuko ushaunganishwa na mingine kuwa PSSSF, mfuko wa sasa wa watumishi wa umma. Kwa nini pengo hilo alizibe mwalimu?

Mlioko kazini, kagueni taarifa ya michango kila mwaka, mwezi kwa mwezi. Mwezi mmoja usioonekana, kwa mfano huu huu, unakula 103,448 ya mkupuo na 1,034 ya kila mwezi maisha yote. Tunzeni hati za mshahara, maana mwajiri asiyewasilisha michango anakuachia wewe kazi ya kuthibitisha. (Posho sahauni, haziingii kwenye hesabu.)

Vyama vya wafanyakazi vikienda mezani viache kuomba asilimia. Viombe 540 na 15.5.

Mwenye hesabu tofauti aiweke hapa, na ataje miezi na mshahara aliotumia.