Embe na papai Njombe: majani yameungua na baridi, matunda yamejikunja

Mdau_Milimani
Habari za humu wakuu. Shamba liko Njombe, kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, linateremka kuelekea bondeni. Miembe ya kubebesha (Apple na Kent juu ya shina la kienyeji) ina miaka miwili. Juni hii, miembe iliyo chini, jirani na ua wa michongoma, imeungua majani yote. Ya juu haijaguswa. Mipapai imepona ila matunda yana mifereji, yamejikunja kama ngumi. Nilitandaza nyasi nyingi shinani kuzuia baridi. Je, nikate matawi yaliyoungua? Nibadili mbegu?

BwanaShamba
Weka mkasi chini kwanza mkuu. Ukikata sasa unaamsha machipukizi laini, na baridi ya Agosti itayamaliza. Subiri mti uchipue wenyewe, Septemba au Oktoba, kisha kwangua gome kwa ukucha: kijani ni hai, kahawia limekufa. Kata hapo kwenye kijani.

Kwa nini ya chini tu? Usiku wa anga lisilo na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto, hewa inayoigusa hupoa, inakuwa nzito na kuteremka kama maji. Ua wako ndio bwawa lenyewe. Toboa pengo la mita 2 pale chini kabisa, na kwingine pogoa michongoma kuanzia ardhini hadi usawa wa goti ili hewa ipite.

Nyasi nazo zimekuponza. Udongo hunywa joto la jua mchana na kulitoa usiku. Matandazo yanazuia yote mawili. Mwishoni mwa Mei yasogeze mita 1 kutoka shinani, palilia, na siku anga limetakata mwagilia mchana, ndoo moja ya lita 20 kwa mche. Udongo mkavu hautunzi joto. Yarudishe Septemba.

MamaMiche
Naongezea. Miche midogo iwekee nguzo 4 za mianzi ndefu kuliko mche, utandike gunia juu yake usiku, lifike mpaka chini. Ukilifungia kwenye shina, joto la ardhini haliingii, umevalisha mti kofia tu. Nailoni usitumie: jani linaloigusa ndilo linaungua. Funua asubuhi jua likishapanda.

Kabla ya Juni rundika udongo mkavu, usio na samadi, hadi sentimita 20 juu ya kiungo cha kubebesha. Juu kukiungua kote, bado una Kent chini ya rundo. Bila hivyo mti utachipua chini ya kiungo na utapalilia embe la kienyeji miaka minne bila kujua. Rundo uliondoe baridi ikiisha, gome lisioze. Na mbolea ya Urea iwe mwisho Februari.

Papai_Tu
Papai hilo si ugonjwa. Ni miti ya jinsia mbili: usiku ukiwa baridi ua linapoundwa, vijiti vya chavua hugeuka na kuungana na kifuko cha tunda, ndiyo hiyo mifereji. Matunda hayo yang'oe yangali madogo, yanakula nguvu ya mti bure. Mipapai majike haina shida hiyo. Panda miche 3 kila shimo, ikitoa maua bakiza jike, na dume 1 kwa majike 10 hivi. Utamu utapungua kidogo hata hivyo. Papai la kuiva kwenye baridi halifikii la Tanga.

Kuhusu embe, wenzangu wameokoa mti, lakini tunda je? Ua likifunguka usiku ukiwa chini ya nyuzi 15, chavua haifanyi kazi sawasawa. Unapata viembe visivyo na kokwa, vinadondoka. Shada la kwanza likishachanua, likate pale linapoungana na tawi. Vichipukizi vya pembeni hutoa mashada mengine baadaye, kukiwa na joto zaidi. Ila ukichelewa ukakata wakati joto limeshaingia, unapata majani. Mashada mapya yapulizie salfa ya unga wa kuchanganya na maji, kipimo cha lebo, kabla ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga haujaweka vumbi jeupe. Jua kali likiwaka usipulize.

Mdau_Milimani
Shukrani sana. Nikitoboa ua, ng'ombe wa jirani wataingia.

BwanaShamba
Vuta nyuzi 4 za senyenge kwenye hilo pengo. Ila usiache magugu yapande juu yake, utakuwa umeliziba tena.