Likizo ya mwezi wa sita: gumzo la majirani wa Tabata, Dar es Salaam

Mama Salma (19:12): Habari za jioni majirani. Shule zimefungwa juzi tu na kwangu TV haizimwi kuanzia asubuhi. Umeme wa LUKU unakimbia, na simu nikiiweka chini dakika moja bando limeishia kwenye katuni. Mwaka huu hatuendi Tanga, nauli ya watu watano siiwezi. Nyie wenzangu mnawafanyia nini watoto bila kutoboa mfuko?

Baba Kelvin (19:15): Poleni mama. Mimi wangu nataka niwapeleke tuisheni. Buku, yaani elfu moja, kwa siku kila mtoto, wanarudi mchana wamechoka, wanalala.

Mwalimu Neema (19:18): Baba Kelvin, Kelvin yuko darasa la tatu. Mwacheni apumzike. Wa darasa la saba naelewa, mtihani wao ni Septemba. Lakini huyu mdogo ametoka kukaa darasani miezi mitano, halafu likizo nayo akae darasani? Nawafundisha watoto hawa, nawaona wakifungua muhula wa pili wamechoka tayari.

Baba Kelvin (19:20): Mwalimu nakusikia, ila akikaa nyumbani anasahau hesabu.

Mwalimu Neema (19:23): Hesabu mpe dukani. Mkabidhi elfu tano na maagizo: mchele nusu, nyanya za mia tano, kibiriti, sabuni ya kipande. Akirudi akuhesabie chenji na akuambie kila kitu kilikuwa bei gani. Mfundisheni na bao pia. Kwenye bao mtoto anahesabu kichwani bila kujua kwamba anahesabu.

Mama Salma (19:24): Bao nalijua la kutazama wazee tu pale kijiweni 🙈

Bibi Mwanaidi (19:31): 🎤 Sauti 2:14

Dada Zuhura (19:38): Shikamooni. Bibi kasema niwaandikie alichosema kwenye sauti, kwa ambao hawawezi kusikiliza sasa hivi. Anasema: "Wajukuu zangu, bao halihitaji ubao wa kununua. Chimbeni vishimo mchangani, safu nne, kila safu vishimo vinane. Jumla 32. Kete ni 64, mkikosa komwe chukueni kokoto au mbegu za ubuyu. Watoto msiwaanzishe na lile la wakubwa lenye nyumba (kishimo chenye sheria zake) na namua (kuingiza kete za mkononi moja moja), watachanganyikiwa. Waanze na la kujifunza, kila kishimo kete mbili, basi. Wakishazoea kusambaza na kula, ndipo mnawapandisha. Mimi uani kwangu pana kivuli cha mwembe, waleteni."

Mwalimu Neema (19:40): Marahaba Zuhura. Shikamoo Bibi. Asante sana 🙏🏾

Mama Kulwa (19:44): Je, trei za mayai zinafaa? Ninazo nyingi pale kibandani.

Dada Zuhura (19:47): Trei moja ina mashimo 30, sita kwa tano, haitoshi. Chukua mbili, kila moja kata kipande cha nne kwa nne, ziunganishe ubavu kwa ubavu. Unapata nne kwa nane kamili.

Mama Kulwa (19:48): Basi kesho nawaletea. Za kutosha watoto wote.

Baba Kelvin (19:52): Haya, mmenishinda kwa bao. Ila watoto wa kiume hawakai kimya hivyo siku nzima. Wangu akikaa saa moja anaanza kupanda ukuta.

Babu Issa (19:55): Mwezi wa sita upepo wa kusi umeshika, huu ndio wakati wa tiara, vile vishada vya kurusha. Sisi tulitengeneza kwa mifuko ya rambo, lakini rambo hakuna tena tangu ipigwe marufuku Juni 2019. Gazeti linafaa vilevile, ila liwe kavu na lisiwe na mkunjo. Chukua njiti mbili za fagio la chelewa, zifunge msalaba, moja iwe ndefu kidogo. Zungusha uzi kwenye ncha zote nne. Kata gazeti, kunja kingo juu ya uzi, bandika kwa uji mzito wa unga wa ngano. Acha ukauke kabisa, hapo ndipo wengi wanaharakisha. Mkia ni matambara yaliyofungwa fundofundo. Tiara ikizunguka kama kuku aliyechinjwa, ongeza mkia. Ikiwa nzito haipandi, punguza.

Baba Kelvin (19:57): Mzee wangu umenikumbusha mbali sana. Jumamosi nipo off, nawachukua vijana wote wa mtaa tukatengeneze.

Mjumbe wa Shina (20:01): Wazo zuri. Naomba mrushie kiwanja cha nyuma ya msikiti, si barabarani. Huku mbele kuna nyaya za umeme. Na muwaambie watoto wazi kabisa: tiara ikinasa kwenye waya imekwisha, asipande mtu, asirushe fimbo wala jiwe. Pia kwenye ile nyumba inayojengwa kuna shimo la choo lipo wazi. Nimeongea na fundi, ameahidi kulifunika kesho asubuhi. Mpaka niwape taarifa, mtoto yeyote asikanyage pale.

Mama Salma (20:02): Asante Mjumbe. Hilo shimo limenikosesha usingizi.

Mama Doreen (20:08): Samahani niulize kitu. Haya yote mazuri, ila mimi natoka kazini saa kumi na mbili jioni, dada wa nyumbani ana miaka kumi na tisa na ana mtoto mchanga mgongoni. Hawezi kukimbizana na hawa wawili. Na kusema ukweli, binti yangu sijawahi kumwacha nyumba ya mtu. Naogopa.

Mwalimu Neema (20:14): Mama Doreen, hofu yako ni ya haki, usiione aibu. Napendekeza hivi: tukutanie uani kwa Bibi, pale nje panapoonekana na kila mtu, si ndani ya nyumba. Watu wazima wawe wawili kila siku, asiwepo mmoja peke yake. Mtoto akitaka choo anaongozana na mwenzake. Hakuna mtoto kuitwa chumbani na mtu yeyote, hata kama ni jirani tunayemheshimu. Na jioni kila mzazi amuulize mwanawe siku ilikwendaje, amsikilize mpaka mwisho.

Mama Doreen (20:16): Kwa hivyo naweza. Asante mwalimu. Jumatatu nina likizo yangu, nishikeni zamu hiyo.

Mama Kulwa (20:20): Mimi zamu ya katikati ya wiki siwezi jamani, nawasha jiko kabla ya adhana ya alfajiri na supu inanisubiri mpaka mchana. Kulwa na Doto ndio wanaobaki na mdogo wao. Mtoto wa miaka tisa analea mtoto wa miaka mitatu, roho inaniuma kila nikifunga mlango. Kama watakaa na wenzao nitaleta sufuria ya viazi au uji kila siku nikirudi. Hilo naliweza.

Bibi Mwanaidi (20:23): 🎤 Sauti 0:21

Dada Zuhura (20:24): Bibi anasema: "Mama Kulwa, huyo mdogo mlete hata kabla ya wenzake. Mimi alfajiri niko macho."

Mama Kulwa (20:25): 😭🙏🏾 Mungu akuweke Bibi.

Mama Salma (20:31): Na mimi nina mbegu za mchicha, pakiti nzima. Kila mtoto aje na kopo la rangi au ndoo iliyopasuka, tutatoboa matundu chini, tutie udongo na samadi kidogo. Kila mmoja na kopo lake lenye jina. Mchicha wiki tatu hadi nne unachumwa, kwa hiyo kabla shule hazijafunguliwa kila mtoto atapeleka mboga yake jikoni kwa mama yake. Kazi yao ni kumwagilia asubuhi na jioni.

Mwalimu Neema (20:33): Salma hapendi mboga, lakini huo wake atakula.

Mama Salma (20:34): Atakula tu 😄

Dada Zuhura (20:38): Mimi nitawafundisha rede na kombolela wasichana na wavulana pamoja. Mpira tutafunga wa makaratasi na matambara, haupasui kioo cha mtu. Wadogo wa chekechea watacheza ukuti na kupika mapishi yao ya udongo. Jua likiwa kali wanarudi kivulini, wanakata malapa ya zamani kwa ajili ya magurudumu ya magari. Kukata nitakata mimi, wembe hawashiki.

Baba Kelvin (20:41): Kuna siku ya kutoka? Kelvin hajawahi kufika Posta zaidi ya kupita.

Mwalimu Neema (20:46): Wapelekeni Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi. Mwalimu Nyerere aliifungua Desemba 1967 na ina sehemu ya watoto. Wavae sare za shule, wachukue na vitambulisho kama wanavyo. Nitauliza mapema utaratibu wa kuingia kama kundi. Tukirudi, kila mtoto atasimulia uani kitabu alichosoma, Bibi naye atajibu kwa hadithi yake. Pale Posta tunaweza kuvuka na pantoni hadi Kigamboni na kurudi. Kwa mtoto wa Tabata ile pantoni ni safari kubwa, na nauli yake haimshindi mtu.

Mama Doreen (20:48): Msafara huo nihesabuni. Niko tayari kushika mikono minne.

Mjumbe wa Shina (20:52): Mkitoka, kila mtoto aandikiwe namba ya mzazi kwenye karatasi, iwekwe mfukoni. Na hesabuni vichwa kila mkipanda na kushuka gari.

Baba Kelvin (20:55): Sawa. Tuisheni nimeahirisha, mwalimu. Ile buku ya kila siku naiweka kwa Bibi iwe sukari na ukwaju, muwagandishie barafu za vikombe. Maji yachemshwe tu.

Mwalimu Neema (20:56): Umefanya jambo kubwa baba. Yatachemshwa.

Mama Salma (21:03): Basi kesho saa tatu asubuhi uani kwa Bibi. Zamu ya kesho mimi na Zuhura, Jumatatu Mama Doreen na mwalimu, siku zilizobaki andikeni majina hapa usiku huu. Kila mtoto aje ameshakunywa chai, na kopo lake, na chupa ya maji. Babu Issa, uzi wa tiara tununue upi?

Babu Issa (21:05): Ule wa mshipi mwembamba, duka la nyavu na ndoano. Roli moja inawatosha watoto wanne. Njiti msinunue, fagio langu la zamani lipo.