Wauza darubini wa Kampala, acheni kutuandikia "mara 675" kwenye katoni!

Wakuu, uzi huu ni wa wauzaji wa darubini hapa mjini na wale wa mitandaoni, na wa mzazi yeyote anayejiandaa kumnunulia mtoto darubini ya kwanza. Hiyo "mara 675" iliyochapwa kwa herufi kubwa kwenye katoni, yaani eti darubini inakuza mara 675, ni ulaghai, na watu wanatoa pesa zao za jasho kwa sababu yake.

Pigeni hesabu wenyewe. Ukuzaji ni urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka lenzi au kioo kikuu hadi mwanga unapokutana) ukigawanywa kwa fokasi ya lenzi ya jicho, ile ndogo unayochungulia. Darubini ile nyembamba yenye lenzi ya mbele ya kipenyo cha milimita 60 ina fokasi ya milimita 900. Ndani ya katoni kuna lenzi ya jicho ya milimita 4: 900 kwa 4 ni 225. Wanakutilia na Barlow ya plastiki, lenzi ya kuongeza ukuzaji, inayozidisha mara 3, basi 675 hiyo imepatikana. Lakini darubini hata iwe nzuri vipi, kikomo chake ni kama mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo, tena hewa ikiwa imetulia. Milimita 60 mwisho wake ni 120! Ukilazimisha zaidi, mwanga unatawanyika na Zohali inageuka doa la rangi ya uji linalotetemeka. Mtoto anachungulia mara mbili, anaachana nayo. Ile ya milimita 76 yenye fokasi ya 700 wameipa "525" kwa mchezo uleule.

Kuna jambo linaloudhi zaidi, na linatuhusu sisi wa ikweta hasa. Kwa nini mnatuuzia stendi za ikweta, zile za kufuatisha nyota kwa kuzungusha mhimili mmoja? Jina lisiwadanganye. Stendi hiyo inataka mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, yaani pale nyota zinapoonekana kuzunguka, kwa pembe sawa na latitudo ya mahali. Kampala iko nyuzi 0.3 tu kaskazini, kwa hiyo mhimili unatakiwa ulale karibu bapa kuelekea kaskazini. Stendi ndogo za bei nafuu haziwezi kulala hivyo: skrubu ya kurekebishia pembe inakwama kabla ya kufika sifuri, na hata ukiilazimisha, fimbo yenye jiwe la kusawazisha inagonga mguu wa tripodi ukizungusha kidogo tu. Nyota ya Kaskazini ambayo kitabu cha maelekezo kinakwambia uitafute haifiki hata nyuzi 1 juu ya upeo wa macho, imezama kwenye vumbi na vilima. Mnunuzi anadhani yeye ndiye mjinga, kumbe kauziwa chuma kilichotengenezewa nchi za mbali na ikweta.

Halafu zile za kioo (zinazokusanya mwanga kwa kioo kama cha kujitazamia badala ya lenzi) za milimita 114 zilizoandikwa fokasi 1000. Pima bomba kwa rula: kwa kawaida urefu wake hukaribia fokasi. Likiwa na sentimita 45 au 50 tu, ujue kuna lenzi imefichwa kwenye shingo ya kufokasi ili kurefusha fokasi, na kwenye hizi za bei rahisi lenzi hiyo ni mbovu. Picha haikazi hata ufanyeje. (Maksutov, aina nyingine ya darubini, nazo ni fupi, ila zina lenzi nene mdomoni. Hizo ni sawa.)

Na kile kichujio cha jua cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, TUPENI LEO. Kinakaa pale pale joto la jua linapokusanyika, kinaweza kupasuka ghafla na jicho likaungua kabla hujaondoa uso. Kichujio salama hufunika mdomo wa mbele wa bomba, na kidarubini cha kulengea kinafunikwa pia. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, huku kwetu kwa sehemu tu, na vichujio hivyo vitauzwa kama karanga.

Mwenye bajeti ndogo achukue darubini ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za mbele milimita 50): miezi minne mikubwa ya Mshtarii inaonekana ukiegemea ukuta, kundi la nyota la Kilimia linajaa vizuri kwenye duara unaloona. Mwenye uwezo atafute ya kioo ya milimita 130 au 150 kwenye stendi ya Dobson, lile sanduku la mbao linalozunguka chini. Milimita 150 inakusanya mwanga mara 6 na zaidi ya ile ya 60. Ikiwa na fokasi ya 1200, lenzi ya milimita 25 inakupa mara 48, pete za Zohali zinaonekana wazi. Ya milimita 10 inakupa 120. Ihifadhi na silika jeli, unyevu wetu unaleta fangasi kwenye vioo.

Dukani, dai darubini iunganishwe mbele yako. Lenga minara ya Kololo, gonga bomba kwa kidole, hesabu. Picha ikiendelea kutetemeka zaidi ya sekunde 3, iache hapo hapo. Angalia na tundu la lenzi ya jicho: liwe la milimita 31.7. Likiwa la 24.5, hutapata lenzi nzuri za kubadilisha. Na muuzaji asiyeweza kukutajia kipenyo wala fokasi ya anachouza, msiendelee kumsikiliza.